Trela kuukuu la kupigia kambi linalohitaji matengenezo: namna ya kuamua kama ulinunue

Kila mwaka theluji inapoyeyuka katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, nyuma ya nyumba na kando ya barabara za vijijini huanza kuonekana matrela ya kupigia kambi yaliyobandikwa karatasi za bei. Mengi yana umri wa miaka 20 hadi 50, na bei zake huwa nafuu kiasi cha kumshawishi mzazi aliyechoka kulipia hoteli kila anapotaka kuwapeleka watoto Yellowstone au kwenye maziwa ya Minnesota. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani au Kanada, ambaye hakukulia katika desturi ya kuvuta chumba cha kulala nyuma ya gari, na kwa hiyo hana mjomba wala jirani wa utotoni wa kumwuliza lipi ni trela la kufufuliwa na lipi ni la kuachwa lilipo.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Trela kuukuu huamuliwa na hali ya maji yaliyopenya ndani ya kuta na sakafu yake, wala si na uzuri wa makabati, mwaka wa kutengenezwa au maelezo ya muuzaji. Tairi hununuliwa, friji hubadilishwa, mapazia hushonwa. Lakini mbao zilizooza ndani ya ukuta humlazimu mtu kulivunja trela zima ili azifikie. Kwa sababu hiyo sehemu ya maji nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote, na ninakuomba usiiruke.

Hatua ya kwanza: pima gari lako na makazi yako kabla ya kulipima trela

Anza na gari ulilonalo. Toyota Sienna, gari linalopendwa na familia nyingi, kwa kawaida halikuundwa kuvuta zaidi ya paundi 3,500, yaani takribani kilo 1,590. Kiasi hicho hakihesabu trela tupu tu, bali pia maji, mtungi wa gesi, vyombo, matandiko na chakula. Galoni 30 za maji pekee zina uzito wa takribani paundi 250. Kwenye ukuta wa trela, mara nyingi karibu na mlango au upande wa kushoto mbele, kuna kibandiko chenye herufi GVWR, na nambari inayofuata ndiyo uzito wa juu kabisa ambao trela linaruhusiwa kufikia likiwa limepakiwa. Fanya hesabu zako kwa nambari hiyo badala ya uzito mkavu anaoutaja muuzaji, kwa kuwa hakuna anayesafiri na trela tupu.

Kisha fungua mlango wa dereva wa gari lako na usome kibandiko kinachotaja uzito ambao abiria na mizigo kwa pamoja hawapaswi kuuzidi. Watu wengi husahau kwamba ile sehemu ya uzito wa trela inayokandamiza mpira wa kuvutia (tufe la chuma nyuma ya gari ambalo trela hufungwa juu yake), ambayo inapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela, huhesabiwa kuwa mzigo uliomo ndani ya gari. Tuseme gari linaruhusu paundi 1,200 na familia yenyewe ina uzito wa paundi 800. Trela la paundi 3,500 litakandamiza kwa paundi 350 au zaidi, na hapo zitakuwa zimebaki paundi 50 tu kwa mabegi ya watu wote. Uzito huo wa mbele ukipunguzwa chini ya asilimia 10 ili kulipunguzia gari mzigo, trela huanza kuyumba kushoto na kulia likiwa kwenye mwendo wa kasi, na kuyumba huko kumekwisha kupindua magari mengi. Wenzetu wanaoendesha malori wanajua mizani ya CAT iliyoko kwenye vituo vya malori; hata gari dogo lenye trela hupimwa pale kwa ada ndogo.

Suala la makazi ni fupi lakini limewaponza wengi. Uliza manispaa yako, na kama unaishi katika mtaa wenye chama cha wenye nyumba uliza chama hicho pia, iwapo unaruhusiwa kuegesha trela nje na kulifanyia kazi hapo. Ukikataliwa, utalipa kodi ya yadi kila mwezi, na matengenezo yanayofanywa maili 15 kutoka nyumbani huchukua muda mrefu maradufu, maana kila kifaa ulichosahau ni safari. Fahamu pia kwamba baadhi ya kambi za watu binafsi hukataa trela lililozidi miaka 10. Kambi za hifadhi za taifa na za majimbo kwa kawaida huangalia urefu wa trela, si umri wake.

Hatua ya pili: tambua lilivyojengwa

Matrela kuukuu utakayokutana nayo yanaangukia katika makundi manne, na kila kundi huoza kwa namna yake.

Kundi la kwanza na lenye wingi ni trela la fremu ya mbao nyembamba lililofunikwa kwa mabati ya alumini yenye mikunjo. Mengi ya matrela haya yametoka Elkhart, katika jimbo la Indiana, ambako ndiko kitovu cha utengenezaji wa matrela nchini Marekani. Uzuri wake ni kwamba mtu mwenye subira anaweza kuyatengeneza kwa zana za kawaida za seremala: bati hufunguliwa, mbao zilizooza hutolewa, mpya huwekwa, na bati hurudishwa. Ubaya wake ni kwamba maji yakishaingia, mbao hizo hazina kinga yoyote.

Kundi la pili lina kuta laini za faibaglasi zilizogundishwa juu ya plaiwudi nyembamba na povu la kuzuia baridi. Maji yakiingia kati ya tabaka hizi gundi huachia, na ukuta huvimba kama malengelenge. Simama kwenye kona ya trela, weka jicho karibu na ukuta na utazame kwa urefu wake wote jua likiwa limeinama. Uvimbe utajitokeza wenyewe. Ukuta uliovimba unaweza kutibiwa kwa kudunga gundi ndani na kuubana, lakini kazi hiyo ni ngumu, matokeo yake hayaaminiki, na chanzo cha maji hubaki kutafutwa. Kwa mtu anayenunua trela lake la kwanza, ushauri wangu ni kuondoka.

Kundi la tatu ni matrela madogo ya faibaglasi nzito iliyomiminwa katika kalibu, nusu mbili zikaunganishwa. Boler ya Kanada ilianza mwaka 1968, Scamp ya Minnesota ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Casita ya Texas mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hayana fremu ya mbao ukutani wala viungo vingi vya kupitisha maji. Scamp la futi 13 huwa na uzito mkavu wa paundi 1,200 hadi 1,500 hivi, hivyo hata gari la familia hulimudu. Hili ndilo kundi pekee ambalo ningekubali kulinunua likiwa katika hali mbaya, maana ganda lake hudumu na mengine yote ndani yake yanabadilishika. Wauzaji wanalijua hilo, na bei zake hazishuki.

La nne ni Airstream, trela la alumini iliyopigwa ribiti ambalo Wally Byam alilianzisha katika miaka ya 1930 na ambalo bado hutengenezwa Jackson Center, Ohio. Jina lake huwafanya watu walipe fedha nyingi bila kutazama chini. Ganda lake limefungwa kwenye fremu kupitia kingo za sakafu ya plaiwudi, kwa hiyo sakafu ikioza upande wa nyuma, ganda na fremu huanza kuachana. Panda juu ya bampa la nyuma na umwombe mwenzako atazame unapojitikisa: ikiwa bampa linashuka na ganda linabaki juu, sakafu ya nyuma imekwisha, na kuibadilisha ni kazi ya miezi kwa mtu anayefanya kazi mwisho wa wiki.

Hatua ya tatu: karatasi kabla ya tochi

Usisafiri saa tatu kwenda kukagua trela ambalo halina hati ya umiliki. Mwombe muuzaji kwa simu akutumie picha ya hati hiyo na ya namba ya chasisi, kisha ukifika ulinganishe namba ya kwenye hati na ile iliyopigwa kwenye fremu au kwenye bamba la ukutani. Tangu matoleo ya mwaka 1981 namba hii ina tarakimu na herufi 17. Ya matrela ya zamani zaidi huwa fupi. Huduma ya bure ya NICB, shirika la kampuni za bima linalopambana na wizi na ulaghai, kwenye intaneti inaweza kukuonyesha kama limeripotiwa kuibwa au kutangazwa na kampuni ya bima kuwa limeharibika, na tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali ya usalama wa magari barabarani, itakuonyesha kama kuna sehemu ambazo mtengenezaji aliagizwa kuzirekebisha bure.

Jina kwenye hati liwe la mtu unayezungumza naye. Ikiwa hati inataja benki yenye mkopo, pata barua ya benki inayothibitisha kwamba deni limelipwa. Muuzaji akisema hati imepotea, mwombe aiombe upya yeye mwenyewe katika ofisi ya magari ya jimbo lake kabla hujatoa fedha, kwa sababu yeye ana haki ya kuiomba na wewe huna. Yapo majimbo ambayo hayatoi hati kwa matrela mepesi au ya zamani sana. Katika hali hiyo uliza ofisi ya magari ya jimbo lako, si ya lake, watakubali karatasi gani ili likasajiliwe.

Kuna onyo moja la kihistoria. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani ilinunua maelfu ya matrela ya kuwahifadhi waathirika, na vipimo vilivyotangazwa na CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2008 vilikuta ndani yake wastani wa sehemu 77 za formaldehaidi (kemikali inayotoka kwenye gundi za mbao na kudhuru mapafu) katika kila sehemu bilioni za hewa, kiwango kilichotosha kuwashauri wakazi wahame. Mengi yaliuzwa baadaye kwenye mnada yakiwa na kibandiko cha kukataza yasitumiwe kuwa makazi, na kibandiko hubanduka. Trela la miaka hiyo lenye vyumba vya kawaida lakini lisilo na tangi la maji safi wala la maji machafu lichunguze historia yake kwa makini, hasa kama una mtoto mwenye pumu.

Hatua ya nne: fuata maji

Ikiwezekana panga ukaguzi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, na umwombe muuzaji asilifungue milango na madirisha asubuhi ile. Chukua tochi kali, ngazi, bisibisi nyembamba, kinga za magoti, na kipima unyevu chenye sindano mbili ambacho huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Tenga saa mbili kwa uchache. Muuzaji akikuharakisha, umekwisha kupata jibu lako.

Jambo la kwanza ni pua. Mlango unapofunguliwa simama kizingitini na uvute pumzi. Harufu ya ukungu haidanganyi, na wala harufu kali ya manukato ya chumbani haidanganyi, kwa kuwa kuna kitu inachofunika. Kisha anza juu kwenda chini, maana ndivyo maji yanavyosafiri.

Juu ya paa usikanyage kabla ya kujua linabeba. Egemeza ngazi na utazame kutoka pembeni. Maji hayaingii katikati ya bati au mpira ulio mzima. Huingia pale kitu kilipotobolewa au kuunganishwa: kando ya tundu la hewa, kwenye bomba la choo linalotoka juu, chini ya antena, kwenye taa ndogo zilizoko pembeni juu, na zaidi ya popote kwenye pembe ambako paa hukutana na ukuta chini ya ukanda mrefu wa alumini. Gundi ya kuzibia iliyopasuka au kukauka mfano wa udongo wa kiangazi ni dalili kwamba miaka imepita bila mtu kupanda huko. Ukiona silikoni imepakwa ovyo juu ya viungo, hesabu kazi ya ziada, kwa sababu silikoni haishiki vizuri kwa muda mrefu kwenye kingo hizi na wala gundi nyingine haikubali kushika juu yake. Yote itabidi ikwanguliwe. Kazi iliyofanywa na mtu anayejua huonyesha utepe wa butili (mpira laini unaonata) uliobanwa chini ya ukanda, na juu yake gundi maalumu ya paa inayojisawazisha.

Ingia ndani. Fungua kila kabati la juu na uangaze pembe zake za nyuma, maana hapo wasafishaji hawafiki. Doa la kahawia lenye kingo zilizokolea, karatasi ya ukutani iliyokunjamana, kichwa cha skrubu chenye kutu, vyote hivi ni maji. Bonyeza kuta kwa ncha za vidole chini ya kila dirisha na kwenye pembe zote. Ukuta mzima hurudisha nguvu, uliooza hubonyea au hutoa mlio wa karatasi. Palipo na shaka weka kipima unyevu. Mbao kavu ndani ya trela lililohifadhiwa vyema husoma chini ya asilimia 15, na zinazokaa juu ya asilimia 20 zinawapa kuvu mazingira ya kuzila. Andika kila kipimo kwenye karatasi yenye mchoro wa trela, kwani ukirudi nyumbani kumbukumbu itakuwa imeanza kupendelea kile unachotamani.

Kumbuka kwamba doa la ukubwa wa kiganja darini linaweza kuwa mwanzo tu wa njia ndefu. Maji hushuka ndani ya ukuta, hufuata mti wa wima, na kutulia kwenye mbao za chini kabisa ambako ukuta umekaa juu ya sakafu. Katika matrela ya mbao ukuta hukaa juu ya kingo za sakafu, kwa hiyo sakafu iliyooza pembeni haibadilishwi kwa kukata kipande na kuweka kingine. Ukuta wenyewe lazima unyanyuliwe au ufunguliwe kutoka nje. Hapa ndipo makadirio ya wanunuzi wengi huvunjika. Baada ya kusoma na kutazama kazi nyingi za namna hii, kanuni ninayoishikilia ni kuchukua uharibifu unaoonekana na kuuhesabu kuwa nusu ya uharibifu uliopo.

Kwa hiyo sakafu itembelee yote kwa kisigino, ukielemea pembe za nyuma, chini ya sinki, kandokando ya choo, mbele ya mlango na chini ya vitanda. Inua mito, toa droo, funua zulia. Zulia jipya katika trela kuukuu lifunue kwa lazima. Kisha toka nje, lala chali, na uchome kingo za sakafu kutoka chini kwa bisibisi pale zinapofikika. Mbao nzuri humzuia mchomaji, iliyooza humeza ncha bila ubishi. Mwulize muuzaji swali moja la wazi: maji yaliingilia wapi, na mlango huo ulizibwa lini na kwa kitu gani? Mwenye trela aliyelishughulikia kwa uaminifu hujibu kwa maelezo mengi.

Ukikuta kinyesi cha panya usikifagie wala kukivuta kwa mashine ya vumbi. Amerika Kaskazini panya wa porini hubeba virusi vya hanta, na mwaka 2012 watu 3 walifariki baada ya kulala katika vibanda vya kambi ya Yosemite vilivyoingiliwa na panya. Fungua milango hewa ipite, vaa barakoa na glavu, lowesha kwa maji yenye dawa ya klorini, ndipo ufute.

Hatua ya tano: chini ya sakafu

Fremu ya chuma yenye kutu ya juujuu haiogopeshi, lakini kutu inayobanduka kwa magamba, hasa kwa trela lililokaa karibu na bahari au katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, ipige kwa nyundo ndogo usikie. Tafuta nyufa mahali palipochomelewa: kwenye pembetatu ya mbele inayobeba kiunganishi cha kulifunga trela kwenye gari, na pale springi zinaposhikiliwa. Ufa mmoja unaweza kuchomelewa na fundi mwenye sifa. Fremu iliyopinda au iliyoliwa hadi kutoboka ni sababu ya kuondoka.

Tairi usizitazame uso. Soma herufi DOT ubavuni, na tarakimu nne za mwisho zitakupa wiki na mwaka: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya trela iliyopita miaka 5 hadi 7 ibadilishwe hata kama kashata zake ni nzima, kwa kuwa trela hukaa juani pasipo kusogea na mpira hufa kutoka ndani. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe na ulitikise. Mngurumo au mchezo maana yake ni bearingi, ambazo ni nafuu kubadilisha. Breki za umeme ni lazima zijaribiwe, kwa sababu majimbo mengi huzidai kwa trela lililozidi paundi 3,000, na ile swichi ndogo yenye waya, inayofunga breki trela likichomoka, ni miongoni mwa vitu ambavyo mzazi hapaswi kuvipuuza.

Hatua ya sita: gesi, umeme na mabomba

Kabla ya kwenda, mwombe muuzaji aunganishe umeme, ajaze maji, na awashe friji usiku uliotangulia. Friji hizi za gesi hupoza polepole sana, huhitaji saa nyingi, na lazima trela liwe limesawazishwa. Unga wa manjano nyuma yake au harufu ya amonia inamaanisha friji imekufa. Muuzaji anayesema kila kitu kinafanya kazi lakini hana namna ya kukiwasha, bei yake ihesabiwe kama hakuna kinachofanya kazi.

Gesi usiijaribu kwa kubahatisha. Hata ukinusa hakuna kitu, baada ya kununua mpe fundi aliyeidhinishwa apime shinikizo la mfumo mzima kabla familia haijalala humo. Hita ya chumba iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa na tundu linalopitisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Geuza kingʼora cha gesi hiyo na cha moshi usome tarehe ya kumalizika muda nyuma; vikiwa vimepitwa, nunua vipya kabla ya kununua hata shuka.

Kwenye umeme kuna hatari moja inayojirudia. Trela dogo la kawaida hutumia plagi ya ampea 30 yenye volti 120. Fundi umeme wa nyumba asiyejua matrela akiombwa aweke soketi ya ampea 30 huweza kufikiria mashine ya kukausha nguo, akaweka volti 240, na trela likichomekwa vifaa vyote huungua kwa pamoja. Pima soketi kwa maltimita (kifaa cha kupimia volti) kabla ya kuchomeka, iwe kwa muuzaji au kwako.

Mabomba ya plastiki ya kijivu, yaliyotumika kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, hupasuka kwenye viungo na huwa bora kubadilishwa yote. Kwa bahati nzuri mabomba ya sasa ni rahisi kufunga. Washa pampu, funga bomba zote na usikilize. Ikiwaka tena yenyewe, kuna mahali panavuja, na pengine ni bomba lililopasuliwa na barafu ya msimu uliopita.

Hatua ya saba: hesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo

Tafuta bei ambayo trela la aina hiyo, umri huo na ukubwa huo huuzwa likiwa zima katika eneo lako, kwa kutazama matangazo kadhaa. Tuseme ni dola 9,000. Sasa andika kila ulichokikuta na bei yake halisi kwa kupiga simu dukani: tairi, bearingi, gundi na ukanda wa paa, plaiwudi, betri, friji, vingʼora, usajili na kodi. Tuseme jumla ni dola 4,300. Ongeza nusu yake, dola 2,150, kwa ajili ya yale ambayo bado hujayafungua, na unapata 6,450. Kilichobaki, dola 2,550, ndicho kikomo chako. Muuzaji akitaka 4,000, lipo trela zima mahali fulani ambalo lingekugharimu pungufu ya jumla ya bei hiyo na matengenezo, na ungelilalia mwezi huu.

Hesabu hiyo haikulipa hata senti moja kwa kazi ya mikono yako. Ikiwa matengenezo utamwachia fundi, weka bei yake ya saa, ambayo katika maeneo mengi ya Marekani inazidi dola 100, na mara nyingi jibu litakuwa hapana papo hapo. Trela bovu lina maana kwa mtu mwenye zana, mahali pakavu pa kufanyia kazi, na jioni nyingi anazozifurahia. Mzazi mwenye kazi mbili na watoto wanaosubiri kiangazi cha mwaka huu anatendewa haki zaidi na trela dogo lililo kavu, hata kama makabati yake yana rangi asiyoipenda.

Bei ikikaribia kikomo chako na trela ni la fedha nyingi, mlipe mkaguzi. NRVIA, chama cha wakaguzi wa matrela na magari ya kambi, kina orodha ya wakaguzi wanaojitegemea, na ripoti yao huwa hoja nzuri mezani. Ukijadiliana, taja kasoro moja moja ukiwa na karatasi yako mkononi, kwa heshima, bila kulitukana trela la mtu. Huenda ndilo alilowalelea watoto wake. Wengi hushusha bei wakiona kwamba mnunuzi amelikagua kwa bidii na kwamba atalitunza.

Mkikubaliana, usilivute siku hiyohiyo kwa tairi zake za zamani. Acha malipo ya sehemu na risiti iliyosainiwa, rudi na tairi mpya zilizokwisha kufungwa kwenye rimu za kipimo hichohicho, mpira wa kuvutia wa ukubwa uliopigwa chapa kwenye kiunganishi, minyororo miwili ya usalama ya kupishanisha chini ya kiunganishi hicho, na grisi ya bearingi. Jaribu taa zote na breki ukiwa uani kwa muuzaji. Baada ya maili 10 za kwanza simama, gusa kitovu cha kila gurudumu kwa mkono kwa tahadhari uone kama kimepata joto kali, kaza upya nati za rimu, na ndipo uendelee na safari, bila kuzidi maili 55 kwa saa hadi ufike.